Pampu ya maji kwenye V8 ya mwaka 1966: kazi ya nusu siku iliyochukua siku sita

Kazi hii niliifanya mwenyewe, nikiwa na msaidizi mmoja. Nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwenye gari. Makosa yaliyomo ni yangu, nimeyaacha yalivyo.

Gari lenyewe

Ni Ford ya milango miwili ya mwaka 1966, gia otomatiki, injini ya V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 289, yaani karibu lita 4.7. Bloku yake ni ya chuma, lakini taimingi kava, ile sehemu ya mbele inayofunika cheni ya taimingi, ni ya alumini. Likumbuke hilo, maana tabu yote ilitokea hapo.

Kwenye injini hii pampu ya maji haifungwi moja kwa moja kwenye bloku. Inakaa juu ya taimingi kava, na baadhi ya bolti zake ni ndefu: zinapita kwenye pampu, zinapenya kava, ndipo zinashika uzi ndani ya bloku. Baadhi ya matundu hayo yanatokea kwenye njia za maji. Kwa hiyo una bolti ya chuma iliyopita ndani ya alumini, na maji yanaifikia. Maji yakiwa na kulanti nzuri, yenye dawa ya kuzuia kutu, bolti hukaa miaka mingi bila neno. Yakiwa maji matupu, alumini inaanza kuliwa, inatoa unga mweupe, na unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa. Tundu linajaa na bolti inagandwa pande zote.

Gari hili lilikuwa limesimama miaka minne likiwa na maji ya bomba kwenye rejeta. Niliambiwa hivyo siku ya kwanza kabisa. Nilisikia, nikaitikia, nikaendelea na maswali mengine.

Dalili, na tulivyothibitisha kuwa ni pampu

Mwenye gari, mtu mzima mwenye subira, alikuja na malalamiko mawili. Gari likilala, asubuhi anakuta tone la maji ya rangi ya kutu chini ya pua ya injini. Na injini ikiwashwa inalia mlio mwembamba kama wa mkanda, ila mkanda alishaubadilisha.

Sipendi kubadilisha pampu kwa kukisia. Maji yakidondoka mbele ya injini yanaweza kuwa yametoka kwenye hosi ya juu, hosi ya chini, nyumba ya themostati (kilango kinachodhibiti joto la maji), rejeta lenyewe, au gasketi, na feni huyapeperusha mpaka hujui chanzo. Tuliacha injini ipoe kabisa, tukafunga kifaa cha kupima presha mahali pa kifuniko cha rejeta, tukapandisha taratibu hadi pauni 13 kwa inchi ya mraba, kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko chake. Haikufika dakika mbili tone likatokea kwenye kile kitundu kidogo kilicho chini ya shingo ya pampu.

Kitundu hicho watu wengi hukidharau, wengine hata hukiziba. Ndani ya pampu kuna shafti, beringi, na sili inayozuia maji yasiifikie beringi. Sili ikichoka maji hupenya, na kama yasingekuwa na pa kutokea yangeiosha beringi grisi yake yote. Kitundu kipo ili maji yatoke nje mapema na uyaone. Ukikiziba kwa gundi umenyamazisha taarifa, na beringi inakufa kimyakimya.

Kisha tukafungua mkanda, nikashika feni kwa mapanga mawili yanayotazamana, nikaitikisa mbele na nyuma. Ilicheza, na mchezo huo niliusikia viganjani kabla ya kuuona. Sili imekwisha, beringi imekwisha. Hapo hapakuwa na ubishi tena.

Pampu mpya ilishaagizwa na mwenye gari kabla hajaja kwangu. Ilikuwa kwenye boksi lake, imefungwa. Nililiweka boksi kwenye rafu.

Siku ya kwanza: bolti ya tatu

Tulimwaga maji, yakatoka ya kahawia kama chai iliyochemka mno. Hiyo ilikuwa taarifa ya pili kuhusu bolti, baada ya ile ya maji ya bomba.

Uamuzi wa kwanza ulihusu rejeta. Lingeweza kutolewa, lingeweza kubaki. Kwa gari la gia otomatiki kama hili, rejeta lina mabomba mawili ya oili ya giaboksi yanayoingia kwenye tangi lake la chini, na nati zake zilionekana hazijaguswa kwa miongo. Niliogopa kuzinyonga bomba. Nikaamua rejeta libaki, nikaweka kipande cha kadibodi mbele yake kulinda mapezi. Nafasi ya spana ilikuwepo. Nafasi ya kitu kingine chochote haikuwepo, lakini sikufikiria kingine.

Feni, puli na bano la altaneta vilitoka bila shida. Kabla ya kugusa bolti za pampu, msaidizi wangu alichora umbo la pampu kwenye kadibodi nyingine na kutoboa tundu kwa kila bolti, ili kila moja ikitoka ichomekwe mahali pake. Bolti hizi hazilingani urefu. Ukichomeka ndefu mahali pa fupi utasukuma hadi mwisho wa tundu na kupasua kava.

Jambo dogo kuhusu soketi. Vichwa vya bolti hizi ni vya nusu inchi, milimita 12.7. Soketi ya 13 inaingia, na fundi mwenye haraka ataitumia. Ila inaacha mchezo wa sehemu ndogo ya milimita, na kwenye bolti iliyogandwa mchezo huo unatosha kuzila kona. Tulitumia ya nusu inchi yenye pembe sita. Angalau hapo nilifanya la maana.

Bolti mbili ndefu za kwanza zilitoka, zikilalamika. Ya tatu, ile ya chini kulia, ililegea kama robo ya mzunguko, halafu ikabadilika. Mkono ulikuwa unasogea lakini ugumu haupungui. Inakuwa kama unanyonga kipande cha mpira. Kila fundi anaijua hali hiyo. Ni shina la bolti linajipinda wakati mwisho wake umeshikwa. Nilijua. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni, akauliza, "Fundi, inatoka?"

Nikamjibu, "Inatoka, mzee."

Nikaongeza nguvu. Ikakatika na mlio mkavu, kichwa kikabaki ndani ya soketi.

Jioni ile ile: bolti ya nne

Ya nne ilianza vivyo hivyo, robo ya mzunguko kisha ule mpira. Safari hii niliachia spana. Nikairudisha bolti ndani mpaka ilipokuwa, nikamwambia mwenye gari kazi haitaisha leo na kwa nini. Hakufurahi. Nami nisingefurahi.

Siku ya pili na ya tatu: kutoa kilichobaki

Tulikuwa na njia tatu. Kutoa taimingi kava nzima, kuibua kilichobaki nyuma yake. Kutoboa bolti iliyokatika kwa drili pale pale. Au kuipasha joto na kuitoa kwa kuishika.

Kutoa kava ndiyo njia safi zaidi, lakini inataka puli ya krenkshafti itoke, sili yake ibadilishwe, na gasketi ya mbele ya sampu, bakuli la oili la chini ya injini, iguswe. Tena kava lenyewe lilikuwa limeshikwa na bolti hiyo hiyo. Kutoboa nilikukataa: drili ikikutana na bolti ngumu ndani ya alumini laini, ncha huteleza kuelekea kwenye alumini, na ukishalipotosha tundu umebadilisha tatizo la bolti kuwa tatizo la kava. Tukachagua joto.

Joto lilitaka nafasi, na nafasi ilitaka rejeta litoke. Basi nikafanya asubuhi ya pili kile nilichokikwepa asubuhi ya kwanza: spana moja ikishika kiungo kilicho kwenye rejeta kisisogee, ya pili ikizungusha nati ya bomba. Zilifunguka zote mbili kwa dakika kumi. Nilikuwa nimeogopa bure.

Kabla ya joto lolote kulikuwa na jambo la petroli. Kwenye injini hii pampu ya mafuta ni ya kimakanika na imefungwa kwenye taimingi kava hilo hilo, upande wa kushoto. Kuwasha chochote hapo ikiwa bado imefungwa ni kutafuta msiba. Tuliitoa, tukaziba bomba la petroli, tukasogeza makopo na matambara yenye oili mbali, tukakata betri. Kizimamoto kiliwekwa pale mkono unapofika.

Tulianza na bolti ya nne, ambayo kichwa chake kilikuwa kizima. Hesabu ni nyepesi: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Ukilipasha kava kuzunguka bolti, tundu linafunguka kuliko bolti inavyonenepa. Ila alumini huyeyuka kwenye nyuzi kama 660, na tofauti na chuma, haiwi nyekundu kukuonya. Kwa hiyo hatukutumia moto wa gesi. Tulitumia bunduki ya hewa ya moto, mpaka tone la maji likidondoshwa kwenye kava linachemka na kupotea.

Kisha mshumaa. Ukigusisha mshumaa kwenye mpaka wa bolti na kava la moto, nta inayeyuka na kunyonywa ndani, inafika mahali ambapo oili ya kopo haifiki. Unaiona ikizama, kama wino kwenye kitambaa. Tulisubiri, tukaanza kwa kukaza kidogo, siyo kulegeza. Ikatoa mlio mdogo, "tik". Sehemu ndogo ya mzunguko kulegeza, kurudi, nta, joto, tena. Dakika arobaini kwa bolti moja. Ilitoka nzima, imekula katikati mpaka ina kiuno, na unga mweupe umeikumbatia.

Na zote nne zikiwa hazishiki tena, pampu iligongwa kwa nyundo ya mbao na kuteleza kutoka kwenye shina la ile iliyokatika. Shina lilibaki limechomoza kama upana wa vidole viwili. Sehemu hiyo ni laini, haina uzi, hivyo kubananisha nati mbili ili spana ipate pa kushika hakukuwezekana.

Siku ya tatu tuliweka nati kubwa kidogo juu ya shina na kuichomelea kwa ndani. Tambara lililoloweshwa lilizungushwa kwenye kava, na kibano cha waya wa ardhi kilishikwa karibu kabisa na pale, ili umeme usipite kwenye beringi za injini. Nati ya kwanza iling'oka kwa sababu sikusugua kutu ya kutosha. Ya pili ilishika. Tukaacha wekundu uondoke, tukaingiza nta, tukaanza ule mchezo wa mbele na nyuma. Saa moja na kitu baadaye bolti ya tatu ilikuwa mezani. Katikati yake ilikuwa nyembamba kama ncha ya penseli. Ingekatika kwa mtu yeyote aliyeilazimisha.

Boksi ambalo halikufunguliwa

Jioni ya siku ya tatu, tukiwa na furaha, ndipo tulipofungua boksi la pampu mpya. Msaidizi wangu aliiweka kando ya ile ya zamani na kunyamaza. Mdomo wa hosi ya chini kwenye pampu ya zamani uko kulia. Kwenye mpya ulikuwa kushoto.

Kwenye familia hii ya V8 ndogo za Ford, mdomo huo ulihamia kushoto kuanzia magari ya 1970. Mwenye gari alikuwa ameagiza kwa kutaja ukubwa wa injini, siyo mwaka. Rejeta la 1966 halikutani na pampu ile. Kubadilishana kulichukua siku mbili, na lawama ya siku hizo siiweki kwa mzee. Boksi lilikaa kwenye rafu yangu, na kulifungua ni kazi ya kisu na dakika moja.

Ilipokuja ya pili tulizilinganisha moja baada ya nyingine: upande wa mdomo, matundu yote, kimo cha kitako cha feni kutoka kwenye uso wa gasketi, na unene wa ncha ya shafti. Kimo hicho kikitofautiana, puli haitakaa kwenye mstari na zile nyingine, na mkanda utaliwa pembeni.

Kufunga

Uso wa kava ulisafishwa kwa kikwangua cha plastiki, maana cha chuma huacha mikwaruzo kwenye alumini na mikwaruzo huvuja. Nyuzi za bloku zilipitishwa tapu, kifaa cha kukata nyuzi, ili kutoa uchafu, kwa mkono, bila kukata chuma kipya. Bolti zote zikawa mpya.

Gasketi ziko mbili, na ya pili husahauliwa: moja kati ya pampu na bamba la mgongoni mwake, nyingine kati ya bamba hilo na kava. Tulizipaka silikoni nyembamba sana. Silikoni ikizidi hujikamua kwa ndani, ikikauka inakatika vipande na kwenda kuziba rejeta. Bolti zinazoingia kwenye maji zilipakwa dawa ya kuziba kwenye nyuzi. Kukaza kulikuwa kwa msalaba, kwa awamu tatu, kuishia Nm 20 kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Baada ya yaliyotokea, hakuna aliyetaka kukisia kwa mkono.

Themostati tuliweka mpya, ya nyuzi 82, baada ya kuichemsha kwenye sufuria na kuiona ikifunguka. Mafundi wengi gari likichemsha huitupa themostati na kufunga bila kitu. Sikubaliani nao. Injini inabaki baridi muda mrefu, inakunywa mafuta, na ugonjwa halisi unajificha mpaka siku ya mlima.

Mfumo ulisafishwa kwa maji mpaka yakatoka meupe, ukajazwa kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled). Tuliwasha kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, tukaongeza kadiri hewa ilivyokuwa ikitoka.

Matokeo

Mlio ulikwisha. Geji ilipanda, ikasimama, ikabaki hapo hata gari likiwa limesimama na injini inanguruma. Tulipopima presha tena baada ya kupoa, bolti moja ya juu ilitoa unyevu kichwani. Ni ile ambayo nilidhani tundu lake limefungwa mwisho, kwa hiyo sikuipaka dawa. Ilitolewa, ikapakwa, ikarudishwa. Kuanzia hapo kukavu.

Siku sita, kwa kazi niliyoahidi kuimaliza kabla ya jua kuzama.

Uchambuzi

Utambuzi wa tatizo ulikuwa mzuri na sina cha kuubadilisha. Presha ilionyesha mahali, mkono ukathibitisha, na hakuna kifaa kilichobadilishwa bure. Kadibodi ya bolti nayo ilifanya kazi mara mbili: kwanza kupanga urefu, na pili, ilipofika wakati wa kununua mpya, tulikuwa na vielelezo mahali pake.

Kilichoshindikana kilianzia kwenye maneno ya mwanzo kabisa. Maji ya bomba, miaka minne, kava la alumini, bolti ndefu za chuma. Ukiyaweka hayo pamoja, unapaswa kupanga kazi ya bolti ambayo ndani yake kuna pampu. Mimi nilipanga kazi ya pampu. Ndiyo maana rejeta lilibaki, ndiyo maana joto halikuwa tayari, ndiyo maana nilimwahidi mtu nusu siku. Hofu yangu juu ya mabomba ya oili haikuwa ya kipuuzi, lakini niliilinganisha na jambo lisilo lake: na kazi ikienda vizuri, badala ya kuilinganisha na bolti moja ikikatika.

Bolti ya tatu na ya nne zilikuwa na ugonjwa mmoja na umri mmoja, zimetengana kwa upana wa kiganja. Moja ilikatika, moja ikatoka. Tofauti yao ni kwamba kwenye ya nne niliusikiliza mkono. Kwenye ya tatu mkono uliniambia vilevile, ila nilikuwa nimeshasema "inatoka, mzee" na nikataka iwe kweli. Sasa nikiwa kwenye bolti za namna hii naomba mwenye gari akanisubiri ndani. Wengine hudhani ni dharau. Afadhali wadhani hivyo.

Kuchomelea nati na kava likiwa mahali pake bado sina amani nako. Kulifanikiwa, lakini tulikuwa na moto wa umeme mbele ya injini iliyojaa miaka sitini ya mafuta yaliyomwagika, na kufanikiwa mara moja siyo ushahidi kwamba njia ni salama. Ingekuwa shina limekatikia ndani zaidi, tungelazimika kutoa kava. Kuna fundi ninayemheshimu ambaye baada ya kuiona ile bolti alisema angetoa kava tangu mwanzo, apate pia nafasi ya kuitazama cheni ya taimingi. Ana hoja. Cheni hiyo hatukuitazama.

Bolti za kava zisizohusiana na pampu hatukuzigusa hata moja. Zina umri ule ule na zimenywea maji yale yale. Nilimwandikia mzee kwenye karatasi ni zipi, ziko wapi, na kwamba atakayezifungua aanze na joto.